Kiwanda hurithiwa, cheti cha bunduki hakirithiwi

Ifikapo saa kumi na mbili jioni, malango ya viwanda kando ya barabara za Enterprise na Lunga Lunga jijini Nairobi hufunguliwa kwa mara ya mwisho mchana huo. Maelfu ya vibarua humiminika barabarani, wengi wao wakielekea kwa miguu Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben, wengine wakitafuta matatu za kuwafikisha Makadara, Jericho au Umoja. Anayebaki langoni ni bawabu wa zamu ya usiku. Mkononi ana rungu na tochi, na nyuma yake kuna godauni lenye bidhaa za mamilioni ya shilingi.

Ndani, katika ofisi ya mwenye kiwanda, huenda kukawa na sefu, na ndani ya sefu huenda kukawa na bastola iliyosajiliwa kwa jina lake. Bastola hiyo haimsaidii bawabu kwa lolote, kwa kuwa haruhusiwi kuigusa. Lakini siku mwenyewe atakapofariki, silaha hiyo huenda ikawapa familia yake taabu kubwa kuliko mali nyingine yote aliyoiacha.

Suala hili limepata uzito mpya tangu mwaka 2021, wakati Bunge lilipoifanyia marekebisho Sheria ya Wadhamini wa Kudumu na kuitambua rasmi amana ya familia. Amana hiyo ni mpango wa kisheria ambapo mtu hukabidhi mali yake kwa wadhamini, nao huisimamia kwa manufaa ya watu aliowataja, wawe hai au bado hawajazaliwa. Wenyeji wa Mwambao watauona mfano wake katika wakfu, ambao umekuwepo huko kwa karne nyingi: mali hufungwa, msimamizi hubadilika, lakini mali yenyewe haigawanywi kila mtu anapokufa.

Kwa familia zenye viwanda, nyingi zikiwa zimejenga biashara zao kutoka kwa babu hadi mjukuu, faida ya mpango huu iko wazi. Ardhi, majengo, hisa na akaunti za benki huwekwa chini ya jina moja lisilokufa. Kesi za mirathi ambazo zimezitesa familia tajiri nchini kwa miongo huepukwa. Isitoshe, sheria inasema kwamba amana ya familia si chombo cha kufanya biashara, bali ni ya kuhifadhi na kukuza mali kwa vizazi vijavyo.

Baada ya majengo, magari na hisa kuingizwa katika hati, swali la silaha huja lenyewe. Je, bastola ya baba nayo haiwezi kuwekwa humo ili ipite kwa watoto bila kelele?

Jibu, kwa jinsi sheria za Kenya zilivyo, ni kwamba haiwezi, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa kirefu kwani ndipo ulipo uzito wa jambo lote.

Sheria ya Bunduki, ambayo ni Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, ilianza kutumika mwaka 1954, nchi ikiwa katika Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Walowezi walikuwa wakilala na bastola chini ya mito yao, na serikali ilihofu kwamba bunduki moja ikiibwa shambani ingeonekana msituni wiki iliyofuata. Ni katika mazingira hayo ambapo sheria hii ilizaliwa, na tabia yake haijabadilika licha ya kufanyiwa marekebisho mengi: haijali sana bunduki ni ya nani, inajali iko mikononi mwa nani.

Anayetaka cheti ni sharti aonyeshe sababu nzuri ya kuwa na silaha. Ni sharti aaminike kwamba kuwa nayo hakutahatarisha usalama wa umma. Cheti hakipewi mtu anayejulikana kwa ulevi, asiye na akili timamu, au ambaye kwa sababu nyingine yoyote hafai kukabidhiwa silaha. Haya ni maswali ya mwenendo, na mwenendo ni wa binadamu. Kampuni hailewi. Amana haipatwi na wazimu wala haigombani na mkewe usiku wa manane. Kwa hivyo haiwezi kufaulu mtihani huu, kama isivyoweza kuufeli.

Msimamo huo ulidhihirika zaidi mwishoni mwa mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019, wakati Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki, chini ya mwenyekiti wake Charles Mukindia, ilipowaagiza raia wote wenye bunduki wajitokeze kupigwa msasa upya. Hapakuwa na aliyeruhusiwa kutuma wakili wala katibu wa kampuni kumwakilisha. Kila mmoja alitakiwa kufika mwenyewe pamoja na silaha yake, akachunguzwa, na waliofaulu wakaahidiwa kadi za kielektroniki badala ya vyeti vya karatasi ambavyo vilikuwa rahisi kughushiwa. Zoezi hilo lilikuwa kukiri waziwazi kwamba daftari la zamani halikuaminika tena.

Wasiwasi huo una msingi. Shirika la utafiti la Small Arms Survey lenye makao yake Geneva lilikadiria kwamba kufikia mwaka 2017 bunduki zipatazo 750,000 zilikuwa mikononi mwa raia nchini Kenya, sehemu kubwa zikiwa haramu. Mnamo Novemba 2016 serikali iliteketeza bunduki 5,250 huko Ngong mbele ya aliyekuwa Naibu wa Rais wakati huo, William Ruto. Ukiweka tarakimu hizo mbili kando kwa kando, utaona moto wa Ngong ulikuwa mkubwa kwa macho tu.

Wale wanaodai kwamba amana inaweza kumiliki silaha hawakulitoa wazo hilo hewani. Limetoka Marekani, ambako limekuwa jambo la kawaida kiasi kwamba mawakili huuza hati zake zikiwa zimeandikwa tayari. Historia yake huko ina mafunzo ambayo Mkenya hana budi kuyazingatia kabla ya kuiga.

Mwaka 1934, baada ya miaka ya magenge yaliyomiminiana risasi katika miji kama Chicago, Marekani ilipitisha sheria ya taifa iliyobana aina fulani za silaha: bunduki za rashasha, bunduki zilizofupishwa mtutu, na viziba sauti. Havikupigwa marufuku. Vilisajiliwa na kutozwa ushuru wa dola 200 kila vilipobadilisha mwenyewe, kiasi kilichokuwa kikubwa mno wakati huo. Mwaka 1986, Bunge la nchi hiyo lilizuia raia kumiliki bunduki mpya za rashasha, na zile chache zilizokuwa zimesajiliwa kabla ya hapo zikapanda bei kama dhahabu.

Raia aliyetaka silaha ya aina hiyo kwa jina lake alitakiwa kuwasilisha alama za vidole, picha, na sahihi ya mkuu wa polisi wa mahali anapoishi. Wapo wakuu waliokataa kabisa kutia sahihi. Ndipo mawakili wakagundua mlango wa nyuma. Iwapo mwombaji ni amana, si mtu, basi amana haina vidole, haina uso wa kupigwa picha, na haina mtaa wenye mkuu wa polisi wa kuombwa sahihi. Wadhamini wangeweza kuwa watano au kumi, na kila mmoja angeruhusiwa kuitumia silaha bila mwenzake kuwapo. Mwenye hati akifa, silaha ingebaki katika amana.

Mlango huo ulibaki wazi kwa miaka mingi. Kanuni iliyoanza kutumika Julai 13, 2016 ndiyo iliyoufunga. Tangu siku hiyo, kila mtu mwenye mamlaka ndani ya amana huwasilisha alama za vidole na picha kama mwombaji mwingine yeyote, na mkuu wa polisi hupewa taarifa ingawa sahihi yake haihitajiki tena. Aidha, kanuni hiyo ilifafanua kwamba msimamizi wa mirathi anaweza kuishikilia silaha ya marehemu kesi ikiendelea, bila kuhesabiwa kuwa amehamishiwa umiliki. Kwa maneno mengine, taifa lenye upole mkubwa zaidi duniani kuhusu bunduki liliona haja ya kurudi kwenye swali lile lile la Sura ya 114: ni nani hasa anayeishika?

Ni kweli kwamba upepo huko umegeuka tena, kwani sheria iliyotiwa sahihi Julai 2025 iliondoa ushuru wa dola 200 kwa viziba sauti na bunduki za mtutu mfupi kuanzia Januari 2026. Lakini kilichoondolewa ni ushuru. Usajili na alama za vidole vilibaki.

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya Nairobi ni wa Afrika Kusini. Sheria ya Kudhibiti Silaha ya nchi hiyo ya mwaka 2000, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2004, inaruhusu kampuni kupewa leseni, lakini kwa sharti kwamba imteue kwa maandishi mtu mmoja atakayewajibika, naye achunguzwe kama raia wa kawaida. Sheria hiyo hiyo ina kifungu kinachoeleza wazi ni nani anayetunza silaha mwenyewe anapofariki au kufilisika. Uingereza, ambako sheria ya Kenya ilichota maneno yake mengi, polisi wanaweza kumpa wasii wa marehemu kibali cha muda cha kuishikilia bunduki hadi itakapouzwa au kusalimishwa. Nchi zote hizo zimetambua kwamba kifo kinaigusa bunduki namna kisivyoigusa meza au gari.

Turejee sasa Industrial Area, na tuchukue mfano wa mfanyabiashara mwenye kiwanda cha plastiki ambaye ameaga dunia ghafla. Mkewe na wanawe wanafungua sefu wakitafuta hatimiliki ya ardhi, na juu ya hatimiliki hiyo wanaikuta bastola pamoja na risasi. Kuanzia dakika hiyo, wamekanyaga penye sheria mbili zinazovutana.

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika Julai 1, 1981, inaharamisha mtu kuchezea mali ya marehemu bila idhini. Kifungu cha 45 kinaweka faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mtoto akiichukua bastola ile na kuiuza, amevunja sheria hiyo. Akiiacha ndani ya sefu ambayo ufunguo wake sasa uko mfukoni mwake, inaweza kudaiwa kwamba amepatikana na silaha bila cheti, kosa ambalo adhabu yake chini ya Sura ya 114 ni nzito zaidi kwa mbali. Na akiipeleka mwenyewe kituoni kwa gari lake bila kumwarifu mtu yeyote, akisimamishwa katika kizuizi cha polisi barabarani, maelezo yake kwamba marehemu baba ndiye aliyekuwa na cheti hayatamsaidia upesi.

Wengi hudhani kwamba barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani zingemaliza tatizo. Hazimalizi. Zinampa msimamizi uwezo juu ya mali, hazimpi sifa ya kukabidhiwa silaha. Kadhalika, hati ya amana, hata iwe imeandikwa na wakili hodari kiasi gani, inaweza kutamka kwamba bunduki ni ya amana, na bado hakuna mdhamini hata mmoja atakayeruhusiwa kuishika kwa sababu ya tamko hilo peke yake.

Kinachowezekana ni jambo dogo zaidi ambalo halisemwi mara nyingi. Bunduki haiingii katika amana, lakini thamani yake inaweza kuingia. Mwenye silaha anaweza kuagiza katika wosia wake kwamba akifa, silaha iuzwe kupitia kwa mfanyabiashara wa bunduki mwenye leseni na fedha zitakazopatikana ziende kwa wadhamini. Anaweza pia, angali hai, kumhimiza mtoto anayetaka kuirithi aombe cheti chake mwenyewe, apigwe msasa kivyake, na akikataliwa ajue mapema. Njia ya tatu ndiyo iliyo salama kwa familia isiyotaka silaha nyumbani: kukipigia simu kituo cha polisi kabla ya kuigusa, na kuwaacha maafisa waje kuichukua na kutoa stakabadhi.

Polisi nao hawawezi kukwepa lawama. Familia nyingi hazijui lolote kati ya haya, na hakuna anayejishughulisha kuzijulisha. Cheti cha kifo hakiulizi kama marehemu alikuwa na bunduki. Fomu ya mahakama ya P&A 5, inayotaka orodha ya mali na madeni ya marehemu, haimtengei mwombaji nafasi ya kutaja silaha, ingawa shamba na akaunti za benki hutajwa kwa makini. Bodi ina daftari la wenye bunduki, na serikali hiyo hiyo ina daftari la waliokufa. Kuyasomesha madaftari hayo mawili pamoja kila mwezi si kazi ya kuhitaji tume.

Kuna upande wa pili wa hoja ambao ni lazima usikizwe. Wenye viwanda hawanunui bastola kwa mapambo. Ni watu wanaobeba mishahara ya wafanyakazi, wanaofunga milango usiku, na wanaojua kwamba bawabu mwenye rungu hana la kumfanyia jambazi mwenye bunduki. Jijini Kampala, bawabu wa benki au duka kubwa hukaa mlangoni akiwa na bunduki, na Dar es Salaam hilo pia si jambo geni. Nairobi hali ni tofauti. Walinzi wa kampuni za kibinafsi hawabebi silaha za moto, na mjadala wa kuwapa umekuwa ukiibuka na kuzimika hata baada ya kupitishwa kwa Sheria ya Kudhibiti Huduma za Ulinzi wa Kibinafsi ya mwaka 2016. Anayetaka ulinzi wenye bunduki hulipia maafisa wa polisi, utaratibu unaoruhusiwa na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011. Ndiyo maana magari ya kusafirisha pesa huonekana barabarani yakisindikizwa na askari wa serikali.

Vilevile, shambulio la Westgate la Septemba 21, 2013, ambapo watu 67 waliuawa, lilionyesha kwamba raia wenye vyeti wanaweza kuokoa maisha. Miongoni mwa walioingia mapema kuwatoa waliokwama alikuwa Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa Seneta wa Garissa, akiwa na bastola aliyoimiliki kihalali. Wapo Wakenya walio hai leo kwa sababu ya watu kama yeye.

Hata hivyo, mfano huo unaunga mkono cheti cha mtu binafsi, hauungi mkono amana. Haji na wenzake walikuwa wamejulikana, wamesajiliwa kwa majina yao, na kila mmoja angejibu mwenyewe kwa kila risasi aliyoifyatua. Amana yenye wadhamini sita na bastola nne ingekuwa kitu kingine kabisa. Wakati wa amani ingekuwa ghala dogo la silaha lenye jina la familia. Wakati wa shida, hasa wakati wa uchaguzi, hakuna ambaye angejua bastola ipi iko kwa nani, na kishawishi cha kumpa dereva au bawabu moja «kwa usiku mmoja tu» kingekuwa kikubwa. Kwa nchi iliyotia sahihi Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, inayozitaka serikali za ukanda huu kudhibiti na kusajili silaha za raia, huko kungekuwa kurudi nyuma.

Atakayelipia kosa, mara nyingi, hatakuwa mwenye mali. Gereza la mahabusu la Industrial Area liko katika eneo hilo hilo la viwanda, na wanaosubiri kesi humo ni watu wasio na dhamana ya kutosha, si wenye mawakili. Silaha iliyosahauliwa ndani ya sefu ikipotea na kisha ikapatikana Mukuru, mahabusu atakuwa kijana wa Mukuru. Safari ya bunduki hiyo kutoka ofisini hadi kichochoroni itakuwa vigumu kuithibitisha, kwani aliyekuwa na jukumu la kuitunza ameshazikwa.

Sheria inamtaka mwenye cheti kuihifadhi silaha yake mahali salama, na wengi hudhani kwamba kununua sefu nzuri kumekamilisha wajibu huo. Lakini sefu ya ofisini ina hatimiliki, vitabu vya hundi na fedha za matumizi madogo madogo. Namba zake za siri hujulikana na mwenye kiwanda, na pengine mhasibu wake, ambaye huifungua kila asubuhi kutoa nauli ya madereva. Mhasibu huyo hana cheti.